Namba zimefika, picha haikai

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja. Mtu ana video anayotaka kupachika kitu ndani yake, amefuatilia mwendo wa kamera kwenye programu moja ya kompyuta, kazi imekaa vizuri, akahamisha data kwenda programu nyingine ili amalizie, na huko kila kitu kimeyumba. Wengine wameshaamua kwamba programu ni mbovu, wengine wanataka kununua kompyuta mpya. Subirini kwanza.

Mimi hula kwa kazi hiyohiyo. Napachika kwenye matangazo na video za muziki vitu ambavyo siku ya kushuti havikuwepo, na mara nyingi data ninazopokea zimepimwa na mtu mwingine, kwenye programu nyingine. Kwa hiyo jambo hili nalisema kwa uchungu. Data za mwendo ni namba tu. Zilipimwa juu ya picha yenye upana fulani, kasi fulani na lenzi fulani, na faili mara nyingi haisemi hata moja kati ya hayo. Ni kama fundi cherehani aliyempima mteja kwa inchi, akaandika namba bila kipimo, kisha mwenzake akakata kitambaa kwa sentimita. Tuanze.

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Mwanza, napiga video za muziki. Tulishuti ziwani kwa simu, na msanii anataka jina lake lionekane limechorwa kwenye Jiwe la Bismarck. Mwendo wa kamera nimeukokotoa kwenye Blender, programu ya 3D, nikauhamishia After Effects, programu ya kupachika vitu kwenye video, kwa faili ya maagizo ya JSX. Mwanzo wa klipu jina limekaa juu ya jiwe kabisa. Baadaye linaanza kuteleza, na klipu ikifika mwisho jina liko majini. Nimefuatilia pointi, yale madoa ya picha ambayo programu inayafuata, upya zaidi ya mara moja, hali ni ileile. Kosa liko Blender au After Effects?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Acha kufuatilia pointi upya, pointi zako ni nzima. Kuanza sawa kisha kuachana kidogo kidogo ni ugonjwa wa muda, si wa mahali.

Blender ukiifungua upya huwa imewekwa kwenye fremu 24 kwa sekunde, yaani picha mojamoja 24 zinazounda sekunde ya video. Simu yako bila shaka ilipiga 30. Ukiingiza klipu kwenye sehemu ya kufuatilia mwendo, Blender haiangalii saa. Inasoma fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja baada ya nyingine, na ndiyo maana ukiwa humo ndani huoni tatizo lolote. Ukija kuhamisha, ile faili ya JSX inaijengea After Effects kompozisheni (ubao wa kazi wenye ukubwa na kasi yake) yenye kasi ya Blender, yaani 24. Wewe unakuja kuweka chini yake klipu ya fremu 30. Sekunde moja ikipita, kamera imetumia namba za fremu 24, lakini picha imeshafika fremu ya 30. Kamera iko nyuma kwa fremu 6. Ikifika sekunde ya 10 iko nyuma kwa fremu 60, na hapo ndipo jina linapoingia ziwani.

Tiba yake ni ndogo. Rudi Blender, kwenye mipangilio ya picha ya mwisho badilisha kasi iwe 30, uhamishe tena. Huna haja ya kugusa pointi hata moja, kwa sababu kipimo cha kila fremu bado ni kilekile. Upande wa After Effects, fungua mipangilio ya klipu yenyewe na uhakikishe nayo inasomwa kama 30. Kama unatumia Blender 4.2 au ya baadaye na huoni tena chaguo la JSX kwenye menyu, usishtuke: programu-jalizi hiyo haiji tena ndani ya Blender, unaipakua kwenye tovuti yao ya viongezi.

Ila kuna jambo la pili, nalo naomba ulishike zaidi ya hilo la kwanza. Simu nyingi hazishiki kasi moja. Zinasema 30, lakini mwanga ukipungua au simu ikipata moto zinachelewesha fremu hapa na pale. Programu mbili zikisoma klipu ya namna hiyo, kila moja inaamua kwa njia yake fremu gani inakaa wapi. Kwa hiyo kabla ya kufuatilia chochote kilichopigwa kwa simu, kigeuze kiwe picha mojamoja. HandBrake, programu ya kugeuza video, inaweza kuilazimisha klipu ishike kasi moja, na ni ya bure. Mimi napendelea ffmpeg, inayoendeshwa kwa kuandika amri na inayotoa picha mojamoja moja kwa moja, kwa mstari huu mmoja:

ffmpeg -i klipu.mp4 -r 30 picha_%04d.png

Utapata folda yenye picha_0001, picha_0002 na kuendelea. Klipu ya sekunde 12 inakuwa picha 360. Zinakula nafasi kwenye diski, lakini picha ya 217 ni ya 217 kwenye Blender, After Effects, Nuke (programu nyingine ya kupachika) na popote utakapoipeleka. Zitumie hizohizo kote, usirudi tena kwenye klipu ya simu.

Siku nyingine ukitaka kujua haraka kama ugonjwa ni wa muda au wa mahali, tafuta sehemu ya klipu ambapo kamera imetulia kabisa kwa muda. Kamera ikitulia na kitu chako kikarudi mahali pake, tatizo ni muda. Kamera imetulia na kitu bado kiko kando, tatizo ni mahali, lenzi au ukubwa wa picha, na hayo nitayajibu kwenye barua zinazofuata.

SWALI: Hujambo mwalimu? Mimi ni mwanafunzi Nairobi na najifunza Nuke kwa toleo la bure. Nilifuatilia pointi moja kwenye After Effects, nikanakili namba na kuziingiza Nuke. Mkono wa mtu ukipanda, kitu changu kinashuka. Ukishuka, kinapanda. Kushoto na kulia viko sawa.

JIBU: Sijambo, na nimefurahi umeangalia vizuri hata ukaona kwamba kushoto na kulia hakuna tatizo. Jibu limo humo.

After Effects inahesabu kuanzia kona ya juu kushoto, na namba ya wima inaongezeka ukishuka. Nuke inaanzia kona ya chini kushoto, na namba inaongezeka ukipanda. Pointi iliyoko 640 kwa 200 kwenye picha ya 1920 kwa 1080 ndani ya After Effects, kwenye Nuke ni 640 kwa 880. Unachukua kimo cha picha, unatoa namba uliyonayo: 1080 toa 200. Ya mlalo huigusi.

Fanya hivi. Kwenye After Effects chagua fremu zote zilizorekodiwa za mahali pa leya (tabaka la picha lenye data), nakili, kisha fungua kihariri chochote cha maandishi ubandike humo. Watu wengi hawajui kwamba kinachobandikwa ni maandishi ya kawaida yanayosomeka. Juu kabisa utaona mstari unaoitaja After Effects na toleo, chini yake idadi ya fremu kwa sekunde, kisha upana na kimo cha picha, kisha uwiano wa pikseli. Baada ya hapo zinakuja safu: namba ya fremu, mlalo, wima, na kina. Hiyo mistari ya juu usiifute hata kama Nuke haiihitaji, ihifadhi kwenye faili pembeni. Ndiyo kumbukumbu pekee ya picha iliyopimwa. Safu za namba zihamishie Excel au LibreOffice, weka fomula ya 1080 kutoa safu ya wima, iburute hadi chini, kisha hifadhi kama maandishi na uyaingize Nuke.

Ukihamisha na mizunguko, ujue After Effects inahesabu mzunguko chanya kufuata mshale wa saa, na Nuke kinyume chake, hivyo unageuza alama. Ukubwa nao After Effects inausema kwa asilimia: 100 ya huku ni 1 ya kule.

Na kwa kuwa umo kwenye masomo, jua pia Fusion, ile iliyomo ndani ya DaVinci Resolve, maana utakutana nayo kazini. Yenyewe haihesabu pikseli. Kila upande wa picha unaanzia 0 na kuishia 1, kutoka chini kushoto, na katikati ya picha ni 0.5 kwa 0.5. Pointi yako ileile inakuwa takriban 0.333 kwa 0.815. Binafsi napenda namba za namna hii, kwa sababu ukifuatilia kwenye picha ndogo ya majaribio kisha ukarudi kwenye picha kubwa ya 3840 kwa 2160, hazibadiliki. Kwenye zile programu nyingine lazima uzidishe mwenyewe, na kusahau kuzidisha kumeharibu kazi nyingi.

Toleo la bure la Nuke linaishia picha za 1920 kwa 1080 na haliruhusiwi kwa kazi ya malipo. Kwa kusoma linatosha kabisa, litumie mpaka ulimalize.

SWALI: Salaam aleikum dada. Naandika kutoka Mombasa. Mteja ana hoteli na anataka bango la zamani kwenye video libadilishwe, liwekwe jipya. Kwenye Mocha, programu ya kufuatilia vitu bapa, mraba umekaa juu ya bango kama umegundishwa. Nikizileta pembe nne After Effects, picha ya bango jipya inakuwa ndogo, imejikunja kwenye kona, na sehemu nyingine imetoka nje kabisa.

JIBU: Waaleikum salaam, kaka. Bango lako jipya ulilopewa na mteja lina ukubwa gani? Nakisia ni picha ya kuchapisha, labda pikseli 3000 kwa 1200, au nembo ndogo ya 800 kwa 600. Hapo ndipo shida ilipo. Mocha ilipima pembe nne ndani ya klipu ya 1920 kwa 1080. After Effects inapokea namba hizo na kuzisoma ndani ya leya uliyobandikia, si ndani ya kompozisheni. Leya ya 800 kwa 600 haina pikseli ya 1400 mlalo, kwa hiyo pembe inakwenda kutafuta mahali pasipokuwepo.

Tengeneza kompozisheni mpya yenye ukubwa uleule wa klipu, weka bango ndani yake, livute mpaka lijaze fremu nzima hata kama linaonekana limetanuka vibaya. Usiogope huko kutanuka. Pembe nne zitalirudisha kwenye umbo la bango halisi. Kisha bandika data kwenye kompozisheni hiyo. Kabla ya kubandika, peleka mshale wa muda kwenye fremu ambayo ufuatiliaji ulianzia, maana After Effects inaanza kubandika pale mshale ulipo.

Angalia na kitu kimoja ndani ya Mocha. Umbo ulilolichora kuzunguka bango linaiambia programu itazame wapi tu. Kinachohamishwa ni ule mraba wa bluu wa uso. Mwingine anachora umbo zuri, ufuatiliaji unakwenda safi, halafu anasahau kuzivuta kona za mraba wa bluu zikae juu ya kona nne za bango. Data zinatoka salama salimini, lakini ni za mraba ulioachwa katikati ya picha. Wewe umesema mraba umekaa vizuri, kwa hiyo hilo sikudhanii.

Nikuambie na hili, kwa sababu naiheshimu sana programu hiyo. Wengi tumeizoea kama kitu kinachokuja bure na After Effects tukaichukulia poa. Imetengenezwa na Imagineer Systems ya Uingereza, ambayo sasa iko chini ya Boris FX, na waliobuni walituzwa na Academy ya Marekani kwenye tuzo za sayansi na ufundi mwaka 2013. Ubunifu wao ni kufuatilia bapa zima badala ya pointi mojamoja. Bango, ukuta, kioo cha simu, pande la gari: kwa vitu bapa, sijui njia ya kuaminika zaidi.

SWALI: Dada, tuko wawili Arusha, tunafanya tangazo la kampuni ya utalii. Tumeshuti ua wa ofisi, na mwenzangu ametengeneza twiga wa 3D. Kamera nimeikokotoa mimi kwenye Blender, yeye anamalizia Nuke. Kwake twiga ni mdogo kama mdudu, na akimkuza, anateleza juu ya ardhi. Pia anasema kamera yangu inaonekana imevutwa karibu mno. Tumeanza kugombana.

JIBU: Msigombane, kila mmoja ana haki yake na matatizo ni mawili tofauti.

La kwanza ni ukubwa. Kamera moja ikitembea mbele ya ua, programu haiwezi kujua kama ua una mita 20 au ni kibao cha sentimita 20 kilichopigwa kwa karibu. Picha zinafanana. Inachokokotoa ni uwiano tu, na ukubwa halisi lazima uupe wewe. Ndani ya Blender unachagua pointi mbili, unaiambia umbali kati yake, na uwanja wote unakaa sawa. Kwa hiyo nendeni ofisini hapo na futi ya chuma, mpime kitu kinachoonekana kwenye klipu: upana wa mlango, umbali wa nguzo mbili. Mimi siendi kushuti bila futi na chaki mfukoni. Naweka alama mbili sakafuni, napima, naandika kwenye daftari pamoja na jina la klipu. Dakika chache za kazi hiyo zinaokoa usiku mzima wa baadaye.

Halafu kuna kipimo. Blender inahesabu kwa mita, faili ya FBX inayobeba vitu vya 3D kwa asili yake inahesabu kwa sentimita, na hapo katikati twiga anaweza kuwa mkubwa au mdogo mara 100. Mwenzako akimkuza twiga peke yake, unyayo wake unahama kutoka pale ulipokanyaga, na hilo ndilo analoliona kama kuteleza. Akuze uwanja mzima kwa pamoja: kamera, pointi zote na ardhi viwekwe chini ya mzazi mmoja, yaani kitu kimoja kinachovibeba vyote, mzazi huyo ndiye akuzwe. Twiga abaki na urefu wake halisi.

La pili ni hiyo kamera iliyovutwa karibu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni kosa linalojificha. Mtu anamwambia mwenzake, "Lenzi ni milimita 50," anadhani amesema kila kitu. Milimita 50 haina maana mpaka useme upana wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Kamera mpya ya Blender ina sensa ya milimita 36. Kamera mpya ya Nuke ina upana wa milimita 24.576. Andika 50 kwenye zote mbili na utaona picha mbili tofauti.

Hesabu yenyewe ni fupi: upana wa picha kwa pikseli, zidisha kwa milimita za lenzi, gawanya kwa upana wa sensa. Kwenye Blender ni 1920 mara 50 gawanya kwa 36, unapata takriban 2666.7. Hiyo ndiyo namba After Effects inayoiandika kwenye ukuzaji wa kamera yake ya milimita 50 kwa picha ya 1920, kwa hiyo hizo mbili zinaelewana. Kwenye Nuke, 1920 mara 50 gawanya kwa 24.576 ni 3906.25. Mwenzako anaona picha imesogezwa karibu mara moja na nusu, na macho yake hayakumdanganya. Aingize 36 kwenye upana wa sensa ndani ya Nuke na tatizo linaondoka. Akiona ni lazima abaki na 24.576, basi lenzi iwe milimita 34.13.

Mkihamisha kwa faili ya Alembic au FBX, upana wa sensa kwa kawaida unasafiri ndani ya faili. Nashuku mlitumia faili ya chan, au aliziandika namba kwa mkono. Faili ya chan kila mstari wake ni namba ya fremu, mahali pa kamera, mizunguko mitatu, na pengine pembe ya mwonekano wa wima. Sensa haimo. Mpangilio wa mizunguko nao haumo, na Nuke kwa kawaida inaanza na Z, kisha X, kisha Y. Kamera ikipinda ajabu inapogeuka, angalieni hapo.

Kabla twiga hajarudi, wekeni vijisanduku vyenye miraba myeusi na myeupe juu ya ardhi, mchezeshe klipu nzima. Visanduku vikiganda, mleteni twiga.

SWALI: Nipo Unguja. Tulishuti vijana wanaoruka baharini pale Forodhani kwa kamera ndogo ya michezo. Nimepachika maandishi ya 3D kwenye ukuta wa bahari. Katikati ya picha yamekaa kabisa, yakifika pembeni yanapinda njia yake na ukuta unapinda yake. Simu yangu nayo kwenye lenzi pana ni hivyohivyo.

JIBU: Lenzi pana zinapinda mistari, na pembeni ndiko zinakopinda zaidi. Kamera ya 3D ndani ya programu yako haina mpindo wowote. Mistari yake imenyooka kama rula. Kwa hiyo vitu viwili vinaachana palepale ulipoona.

Utaratibu ni kunyoosha picha kwanza, kufuatilia kwenye picha iliyonyooka, kupachika maandishi juu ya hiyo iliyonyooka, na mwisho kabisa kupinda maandishi peke yake kwa kiasi kilekile, ndipo yawekwe juu ya picha asili. Iliyonyooshwa ni ya kufanyia kazi tu; usiipinde tena ili uitumie mwishoni badala ya picha asili, inapoteza ukali. Ukiinyoosha picha, kingo zinasukumwa nje ya fremu, hivyo tumia fremu kubwa kidogo kuliko ya asili ili zisikatwe. Na ukubwa huo mpya uuandike, kwa sababu data zako sasa ni za picha hiyo, si ya 1920 kwa 1080 tena. Blender inaweza kutafuta kiasi cha mpindo yenyewe wakati wa kukokotoa, lakini isaidie: tafuta mstari unaojua umenyooka, kama ukingo wa ukuta huo wa Forodhani, uone unanyooka kweli.

Mpindo hausafiri kirahisi kati ya programu. Kila moja ina fomula yake, na namba za Blender ukiziandika kwenye programu nyingine huenda zisimaanishe kitu. Kinachosafiri salama ni picha ya ramani, ambayo kila pikseli yake inasema imetoka wapi. Nuke inaisoma, Fusion nayo pia. Mwombe anayefuatilia akupe ramani mbili, ya kunyoosha na ya kupinda.

Na zima kile kitulizi cha kielektroniki cha kamera kabla ya kushuti. Kinakata picha na kuisogeza kila fremu, katikati ya lenzi inahamahama, na hakuna hesabu ya kamera itakayoshika hapo. Mikono ikitetemeka, tetemeka. Ufuatiliaji unaliweza hilo.

SWALI: FBX, Alembic au JSX, ipi bora? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwenda After Effects, JSX. Kwenda Nuke, au Maya ambayo ni programu nyingine ya 3D, kwa kamera, Alembic; ilitolewa mwaka 2011 na Sony Pictures Imageworks pamoja na Industrial Light & Magic, na inaandika kila fremu ilivyo bila kujali programu imepangaje mizunguko. FBX ni ya zamani zaidi, ilianzia Kaydara ya Montreal na tangu 2006 iko mikononi mwa Autodesk. Itumie pale Alembic haipokelewi. Yoyote utakayochagua, kamera iwe na namba kwenye kila fremu. Usiache programu ya pili ikisie katikati.

SWALI: Dada, naandika kutoka Kampala. Studio moja ya nje imenipa kazi ya kufuatilia klipu nne na wanataka kamera tu, wao watapachika wenyewe. Wanasema fremu ianze 1001. Kwa nini 1001, na niwatumie nini ili wasinirudishie kazi?

JIBU: Hongera. 1001 ni desturi ya studio nyingi. Mhariri akitaka baadaye kurefusha klipu kwa fremu 8 mwanzoni, anaanza 0993 na hakuna anayeingia kwenye namba hasi, na majina yote ya faili yana tarakimu nne. Jihadhari hapa: Blender inaanza 1, After Effects kwa kawaida inaanza 0. Ukisahau kuhamisha mwanzo, kamera yako itakuwa sahihi kabisa mahali pasipo na picha. Ukikosea fremu moja ni hatari zaidi, kwa sababu haionekani mpaka kamera inapokwenda kwa kasi. Fungua fremu ya 1001 kwao na ya kwanza kwako, tafuta kitu kidogo kinachosogea, jicho linalofumba au tone la maji, uhakikishe ni tukio lilelile.

Kwa kila klipu tuma kamera na pointi kwa Alembic, ramani mbili za lenzi, na video ya majaribio yenye visanduku vya miraba iliyopachikwa juu ya klipu. Hiyo video ndiyo ulinzi wako. Wakiifungua kamera kwao na visanduku vikateleza wakati kwenye video vimeganda, kila mmoja anajua tatizo limetokea njiani, na mtatafuta pamoja bila lawama.

Ongeza faili ya maandishi, fupi. Mimi yangu huwa hivi:

Klipu: jina lake
Picha: 1920 kwa 1080, iliyonyooshwa 2020 kwa 1136
Kasi: 25
Fremu: 1001 hadi 1188
Sensa: milimita 36 upana
Lenzi: milimita 28, haibadiliki
Kipimo: mita, Y iko juu
Kilichopimwa: mlango wa kushoto, upana sentimita 90
Wastani wa kosa: pikseli 0.4

Kwenye kosa la ukokotozi, yaani umbali kati ya pointi ilipo kwenye picha na pale hesabu inaposema ipo, chini ya nusu pikseli natuma bila wasiwasi. Likizidi pikseli 1 narudi kwenye pointi. Lakini usiwe mtumwa wa namba hiyo. Ukifuta pointi zote za karibu na kubakiza za mbali, kosa linashuka na kamera inakuwa mbovu. Tazama visanduku vilivyo karibu na lenzi, vile vya ardhini mbele kabisa, ndivyo vinavyosema ukweli.

Y iko juu nimeiandika kwa makusudi. Blender inaiita Z ndiyo ya juu, Nuke na Maya zinaiita Y. Vihamishi vingi vinageuza vyenyewe, ila kamera ikifika kwao imelala ubavu, waambie wazungushe nyuzi 90 kwenye mhimili wa X, kwa mzazi, si kwa kamera yenyewe.